Balansi ya saa ya zamani imeumia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanaonipigia simu kutoka Njombe, Mafinga, Tukuyu na Tunduma wakiuliza jambo lile lile: saa ya babu au ya marehemu baba imesimama, fundi mmoja akafungua mfuniko, akachungulia, akasema "balansi imekufa". Baada ya hapo saa inarudi kwenye droo au inauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mimi ni fundi saa hapa Mbeya, na balansi zinazofika mezani kwangu zikiwa zimekufa kweli ni chache. Kwa kawaida kilichoumia ni kipande kimoja cha balansi, na kila kipande kina dawa yake. Ukijua ni kipi, utajua pia kama bei uliyotajiwa ni ya haki.

Balansi ndiyo nini hasa?

Fungua mfuniko wa nyuma wa saa inayotembea. Magurudumu mengi utayaona kama yametulia, na moja tu linacheza kwenda na kurudi bila kupumzika. Hilo ndilo balansi. Springi kuu, ile unayoitia ufunguo asubuhi, inasukuma, balansi inapima. Saa nyingi za mkono za miaka ya 1940 hadi 1960 hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kila sekunde, na kwa siku nzima ni mapigo 432,000. Seiko 5 nyingi za zamani hupiga 21,600 kwa saa.

Ina vipande kadhaa. Kuna ukingo wa mviringo na mikono yake. Katikati umepita mhimili wa chuma cha pua wenye ncha mbili, ya juu na ya chini, zinazozunguka ndani ya mawe ya rubi. Chini kuna kisahani chenye kijiwe kinachokutana kila kipigo na uma, kipande chenye pembe mbili kinacholeta nguvu ya magurudumu kwenye balansi. Juu kuna springi nyembamba iliyojiviringisha, inayoirudisha balansi katikati kila inapokwenda upande mmoja. Springi hiyo ilianza kutumika kwenye saa mwaka 1675, na Christiaan Huygens wa Uholanzi ndiye aliyeitangaza. Kabla yake saa za mfukoni zilikuwa zikikosea kiasi kwamba nyingi hazikuwekewa hata mshale wa dakika.

Nitajuaje kwamba tatizo ni balansi na si kitu kingine?

Anza na la wazi: tia ufunguo. Kama ufunguo unazunguka bila mwisho na haukazi, springi kuu imekatika au imeteleza, na balansi haina kosa. (Usijaribu kipimo hiki kwa saa ya otomatiki, kwa sababu springi yake imeundwa iteleze ikijaa.) Kama ufunguo umekaza na saa haiendi, izungushe saa nzima mkononi polepole, kama mtu anayefungua na kufunga kitasa cha mlango, huku unaitazama balansi.

Balansi ikicheza kwa uhuru muda mrefu kisha ikasimama, mhimili wake ni mzima au una hali nzuri. Hapo kagua uchafu na mafuta yaliyoganda kwenye magurudumu mengine, maana nguvu haifiki. Ikicheza mara mbili tatu kisha ikasimama ghafla, kuna kitu kinaigusa: ukingo umepinda, springi imegusa mkono, au ncha imekwaruzika. Ikiwa imelala upande mmoja na inayumba ovyo, ncha imekatika.

Kipimo kingine hakihitaji kufungua. Laza saa kioo kikiangalia juu, sikiliza. Kisha igeuze kioo kiangalie chini. Kama inatembea upande mmoja na kufa upande wa pili, shuku ncha ya upande ule unaobeba uzito inapokufa. Ikilazwa kioo juu, balansi inakalia ncha iliyo upande wa mfuniko. Ikigeuzwa, inakalia ncha ya upande wa kioo. Wateja wengi huniambia "inatembea nikiiweka mezani, nikiivaa inasimama". Maneno hayo yananisaidia kuliko yule anayesema tu "imeharibika".

Na kama saa haisimami ila inakimbia, inawahi dakika kumi, ishirini au zaidi kwa siku, tatizo mara nyingi ni mizunguko ya springi ya balansi kugandana. Inagandishwa na sumaku au na mafuta. Chukua dira ya kawaida yenye sindano, isogeze karibu na saa inayotembea: sindano ikitetemeka kwa mapigo, saa imeshika sumaku. Siku hizi sumaku ziko kila mahali, kwenye spika za redio, kwenye vifuniko vya simu na kwenye vishikizo vya mikoba. Kutoa sumaku ni kazi ya dakika moja, na fundi atakayekutoza bei ya balansi nzima kwa kazi hiyo mkimbie.

Ilianguka mara moja tu, tena kwenye mkeka. Kwa nini iumie?

Kwa sababu ncha ya mhimili katika saa ya mkono ina kipenyo cha karibu milimita 0.1, na nyingi ziko chini ya hapo. Juu ya ncha hiyo kuna gurudumu zito kuliko yenyewe mara nyingi sana. Saa ikishtuka, uzito wote huo unatua kwenye ncha moja, nayo imekazwa kwa moto ili isilike haraka. Chuma kilichokazwa hakilalamiki, kinakatika.

Katika miaka ya 1930 zilianza kuenea saa zenye kinga ya mshtuko. Inayojulikana zaidi ni Incabloc ya Uswisi. Seiko nao wana Diashock. Jiwe halikukazwa kwenye bamba la mashine, limekalia kispringi chembamba, hivyo likisukumwa linasogea na kurudi mahali pake. Itazame saa yako juu ya balansi katikati: ukiona kispringi kidogo cha dhahabu chenye umbo la kinubi, unayo Incabloc. Ukiona jiwe tupu limeshikwa na kibamba na skrubu mbili, huna kinga, na saa hiyo usiivae ukipanda bodaboda. Barabara ya rafu haivunji ncha siku hiyo hiyo, lakini inaipondaponda kidogo kidogo mpaka kichwa chake kinapanuka, na fundi anashindwa hata kuitoa kwenye jiwe.

Ncha imepinda tu, haijakatika. Si inanyooshwa?

Wakati mwingine. Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu saa nyingi zinazoletwa kwangu zilikufa wakati wa kunyooshwa. Zilipoanguka zilikuwa zimeumia kidogo tu.

Nikiwa na lenzi ya kukuza mara kumi, naiweka balansi kwenye kifaa cha kuizungushia na kuitazama ncha kwa upande. Ncha nzima inazunguka bila kuonekana kama inazunguka. Imesimama pale pale. Iliyopinda inachora duara dogo hewani. Kisha natazama mahali ilipoanzia kupinda. Kama imepinda polepole kutoka kwenye shina, kwa mkunjo mpana, kuna matumaini. Kama imekunjika kwa kona, hapo ndani tayari kuna ufa, hata kama huuoni, na ukiigusa itabaki kwenye kibano.

Inayofaa kunyooshwa nainyoosha kwa kibano cha shaba ya njano kilichopashwa moto kidogo, kwa mgandamizo mdogo unaorudiwa, nikizungusha na kutazama kila mara. Sitafuti unyoofu kamili kwa pigo moja. Baadaye ncha inapigwa msasa wa chuma, yaani inasuguliwa na kipande cha chuma kigumu kilicholainishwa, kwenye kifaa cha Jacot kinachoishikilia katika mfereji wa kipimo chake. Kazi hii haiondoi chuma kingi, inakandamiza uso uwe mgumu na uwe kioo. Ncha isiyosuguliwa baada ya kunyooshwa itakula jiwe.

Sharti langu ni moja: sianzi kunyoosha kabla sijajua mhimili mwingine utapatikana wapi. Ikikatika mkononi, mteja asibaki na saa nusu.

Ncha imekatika. Lazima ninunue balansi nzima?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Kilichokatika ni mhimili. Ukingo ni mzima, springi ni nzima, kijiwe kipo. Mhimili unaweza kubadilishwa peke yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza natoa springi na kuandika imekaa upande gani, ili kijiwe kirudi katikati ya uma. Kisha natoa kisahani chenye kijiwe. Kinachobaki ni gurudumu na mhimili uliogongewa ribiti kwenye mikono. Fundi mwenye haraka anaugonga mhimili utoke kama ulivyo. Unatoka kweli, lakini ribiti inapopita inapanua tundu la mikono, na tundu likishapanuka mhimili mpya haukai katikati tena. Mbaya zaidi mikono inapinda. Njia sahihi ni kuukereza kwanza kwenye mashine ndogo ya kukerezea mpaka ribiti au kitako chake kiishe, halafu kilichobaki kinasukumwa kwa kidole tu. Huchukua muda, na huo muda ndio unaoulipia.

Mhimili mpya unapimwa mahali pengi: urefu wote, unene wa kila ncha, kiti cha gurudumu, kiti cha springi, kiti cha kisahani. Ukipatikana wa mashine ile ile, ni bahati. Usipopatikana, unakerezwa kutoka kwenye fimbo ya chuma cha pua. Mafundi wa kukereza mhimili hawajai mtaani. Mimi mwenyewe zile ndogo za saa za kike naomba msamaha, sizifanyi.

Ukishaingia, ribiti inafunguliwa kwa ngumi mbili, yaani vyuma vinavyogongwa kwa nyundo: ya kwanza yenye uso wa mviringo inayosambaza chuma, ya pili yenye uso bapa inayolaza. Kati ya pigo na pigo gurudumu linageuzwa kidogo, lisikazwe upande mmoja. Sauti ya nyundo ikibadilika kutoka butu kuwa kali, imeshakaa. Ukiendelea baada ya hapo unapinda mikono.

Balansi nzima ninashauri pale tu ukingo umepinda vibaya, au springi ina kutu, au mtu amekwisha kuigongagonga. Na ukinunua nzima, inunue pamoja na springi yake. Kiwandani springi inachaguliwa kwa uzito wa gurudumu lile. Ukichanganya springi ya hapa na gurudumu la pale, saa itakosea kwa dakika, na hakuna kurekebisha kwa kile kimkono cha haraka na polepole.

Niliambiwa saa yangu haina spea. Ni kweli?

Huenda aliyekuambia alisoma jina lililoko usoni tu. Jina la usoni mara nyingi ni la aliyeuza saa. Mashine ya ndani imetengenezwa na mwingine. Makampuni mengi ya Uswisi yalikuwa yakinunua mashine kutoka A. Schild, FHF, ETA, Peseux au Unitas na kuzitia kwenye makasha yao. Toa balansi, tazama kwenye sahani chini yake au pembeni: utakuta alama ndogo na namba. Hiyo namba ndiyo unayotafutia spea, na saa kumi za majina tofauti zinaweza kuwa na mhimili mmoja.

Seiko ni rahisi zaidi. Namba nne za kwanza nyuma ya mfuniko, kwa mfano 7009, ndiyo namba ya mashine. Saa mbovu ya namba hiyo hiyo, hata kama kioo kimepasuka na uso umeoza, ni hazina ya spea. Zikipita sokoni Mwanjelwa kwenye vitambaa vya wauza vitu vya zamani, nazichukua bila kuuliza kama zinatembea.

"Kusawazisha" ni nini, na kwa nini inaongezwa kwenye bei?

Balansi iliyobadilishwa mhimili haijamalizika. Kuna kazi mbili zimebaki.

Ya kwanza ni kuinyoosha, kama fundi baiskeli anavyonyoosha ringi: inazungushwa mbele ya kidole cha chuma kilichosogezwa karibu na ukingo, na unatazama mwanga kati yao. Mwanga ukipanda na kushuka, gurudumu linayumba juu na chini. Ukipanuka na kubana, halina duara kamili. Unaanza na yumba la juu na chini, ndipo uende kwenye duara.

Ya pili ni uzito. Balansi bila springi, ila na kisahani chake, inawekwa juu ya taya mbili za rubi zilizo sambamba na zilizo sawa kama maji. Unaigusa kwa unywele wa brashi. Inazunguka taratibu, inapungua, inasita, inarudi nyuma kidogo, inasimama. Unaigusa tena. Ikisimama pale pale kila mara, kilicho chini ndicho kizito. Kama ni balansi ya skrubu, skrubu ile inatolewa na kupunguzwa chuma kidogo sana chini ya kichwa chake, au ya upande wa pili inaongezewa washa, kiduara chembamba chenye tundu. Kama ni laini isiyo na skrubu, inatobolewa kidogo kwa chini ya ukingo, pasipoonekana. Unarudia mpaka balansi ikose upendeleo, isimame popote.

Nimeletewa balansi iliyosawazishwa kwa tone la risasi ya kuchomelea, limebandikwa ukingoni. Nyingine imepigwa tupa pembeni. Ilikuwa ikitembea, ndiyo, lakini ikivaliwa inachelewa na ikilala inawahi, maana uzito wa upande mmoja unasema tu pale saa inaposimama wima. Saa ikilala mezani kasoro hiyo haionekani, ndiyo maana fundi anakuonyesha ikiwa imelala mezani. Mwambie aisimamishe.

Balansi yangu ina ukingo uliokatwa sehemu mbili. Imevunjika?

Hapana! Imetengenezwa hivyo, na tafadhali usiruhusu mtu aiunge. Ni balansi ya metali mbili: ndani chuma, nje shaba ya njano, na ukingo umekatwa karibu na kila mkono ili ncha zake ziwe huru.

Sababu yake anayesafiri mikoa yetu ataielewa haraka. Asubuhi ya Julai uko Uyole, baridi inang'ata masikio; mchana umeshuka Kyela, jasho linatiririka. Springi ya chuma ikipata joto inalegea, na saa yenye springi ya chuma na balansi ya kawaida ya shaba ya njano inapoteza zaidi ya sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Tofauti ya nyuzi 15 kati ya Uyole na Kyela ingekula karibu dakika tatu kwa siku. Katika balansi ya metali mbili, shaba inatanuka kuliko chuma, hivyo ukingo unajikunja kuelekea ndani; gurudumu linakuwa kama limepungua ukubwa, linakwenda haraka zaidi, linafidia ulegevu wa springi.

Uzuri huo una gharama: ncha zile huru zinapinda kwa kushikwa vibaya tu. Balansi hii haishikwi kwa ukingo, inashikwa kwa mkono wake au kwa mhimili.

Baadaye tatizo lilitatuliwa kwenye springi yenyewe. Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Uswisi, alibuni aloi za chuma na nikeli ambazo joto haliziyumbishi sana, Invar na Elinvar, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Ndiyo maana saa za baadaye zina ukingo mzima usiokatwa. Wengine huona skrubu pembeni yake wakadhani ni ya metali mbili. Tafuta mkato kwanza.

Springi ya balansi imejisokota. Inafaa?

Kama haijakunjika kwa kona na haina kutu, inafaa. Iliyogandana kwa mafuta inaoshwa kwa benzini safi na kukaushwa. Iliyosokotana inafunguliwa kwa vibano viwili vyembamba, kuanzia pale kosa lilipoanzia na si pale linapoonekana zaidi. Yenye doa la kutu sipotezi muda nayo. Doa hilo limeshakula unene wa chuma na saa haitatulia kamwe.

Ombi langu kwa mtu wa nyumbani: kila kitu kingine jaribu ukitaka, springi hii usiiguse hata kwa kijiti.

Naweza kuosha balansi mwenyewe kwa spiriti?

Usifanye hivyo. Kijiwe cha kisahani, na mawe ya uma pia, yamegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Utaiacha balansi kwenye kikombe, ukirudi kijiwe kimelala chini, kidogo hukioni, na utakimwaga na maji. Benzini haiyeyushi shelaki. Mafuta ya taa yanasafisha lakini yanaacha utando.

Mafuta ya cherehani, mafuta ya kupikia, na yale ya kopo la kupuliza yanayolegeza nati za pikipiki, yote hapana. Mahali panapotiwa mafuta kwenye balansi ni pawili tu, kwenye jiwe la juu na la chini, tone moja dogo la mafuta ya saa kila upande. Springi haitiwi mafuta. Kijiwe hakitiwi. Ncha za uma nazo katika saa nyingi huachwa kavu.

Kijiwe cha kisahani kimedondoka. Ni kazi kubwa?

Ndogo, ikiwa kijiwe kipo. Kinarudishwa kwa shelaki na joto la taratibu, kikiwa wima na kikiangalia upande sahihi. Kama kimepotea, kinatafutwa cha unene ule ule. Saa isiyo na kijiwe utaitambua: balansi inacheza vizuri ukiitikisa, lakini uma haujibu.

Ya kwangu ni saa ya mezani ya kengele. Mambo ni yale yale?

Ni rahisi zaidi. Saa nyingi za kengele, na zile za mkono za bei nafuu zenye uma wa pini, mhimili wake una ncha zilizochongoka kama penseli zinazokaa kwenye vikombe vya skrubu, bila rubi. Ncha ikiwa butu inachongwa upya na kung'arishwa kwenye mashine ya kukerezea, skrubu inakazwa kiasi, inaendelea. Saa ya bei ya chini yenye balansi ya namna hii naikubali kwa moyo mweupe kuliko saa ya jina kubwa iliyopita mikononi mwa watu watatu.

Baridi na ukungu wa huku kwetu vina madhara?

Mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, unafanya hewa kuwa nyepesi na balansi inapata ukinzani mdogo kidogo. Tofauti yake ni ya kipimo cha maabara. Adui ni unyevu. Saa ikitoka kwenye joto la mwili ikawekwa dirishani Njombe usiku wa Juni, kioo kinaweza kutokwa jasho kwa ndani kama mpira wa mfuniko umekufa. Unyevu ule unatua kwenye springi na ncha. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usingoje ukauke wenyewe. Vuta ufunguo nje, iweke mahali pakavu penye joto la kawaida, ifikishe kwa fundi wiki hiyo hiyo.

Namba na mishale inang'aa gizani. Nikwangue rangi iliyooza?

Usikwangue. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, na radiamu 226 inapungua nusu yake baada ya miaka 1,600 hivi. Rangi inaweza isiwake tena lakini mionzi ipo. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mdomoni au mapafuni. Mwambie fundi kabla hajafungua upande wa kioo.

Saa imetoka kwa fundi. Nipime vipi kama imepona?

Fundi mwenye mashine ya kusikiliza mapigo mwombe akuonyeshe. Ikiwa imejazwa na imelala, balansi ya saa yenye afya inazunguka nyuzi 270 hadi 310 kila upande. Ikisimama wima inapungua kidogo. Chini ya nyuzi 200 ikiwa imejaa, kazi haijaisha. Kasoro ya pigo, yaani tofauti kati ya tiki na taka, ikiwa chini ya milisekunde 1 inaridhisha kwa saa ya zamani.

Asiye na mashine atumie simu. Iweke saa sawa na saa ya simu, ivae mchana, usiku iache kioo juu, siku inayofuata isimamishe wima. Andika tofauti kila baada ya saa 24. Saa ya miaka 60 ikikosea sekunde 30 kwa siku, na ikikosea kiasi hicho hicho kila siku, mshukuru fundi. Ikiwahi sekunde 40 leo na kuchelewa 60 kesho, irudishe.

Ni lini fundi mwaminifu anasema "acha"?

Pale kutu imefika kwenye mhimili, springi na uma kwa pamoja. Pale saa ya bei ndogo inahitaji mhimili wa kukerezwa, kwa sababu kuukereza kunakula muda ule ule iwe ni Omega au saa isiyo na jina. Lakini uamuzi ni wa mwenye saa. Wapo wazee waliovaa saa hizo kazini TAZARA toka reli ilipoanza miaka ya 1970, na watoto wao hawaulizi thamani yake sokoni. Kazi ya fundi ni kutaja gharama yote kabla ya kugusa skrubu ya kwanza.

Niko Iringa. Naitumaje kwa basi bila kuiumiza zaidi?

Kamwene. Kama haijafunguliwa, usiifungue. Iache ikate ufunguo, kisha ifunge kwa kitambaa laini, tia kwenye kopo gumu la plastiki na ujaze nafasi iliyobaki ili isicheze ndani. Kama imeshafunguliwa na balansi inaning'inia nje, usiirudishe kwa nguvu. Ikiwa imeshikana na daraja lake, kile kipande kinachoishikilia kwa juu, viweke pamoja kwenye kichupa safi kikavu cha vidonge, springi ikiwa juu, na usijaze pamba ndani, nyuzi zake zinanasa kwenye springi. Mfuniko na skrubu vitie kwenye karatasi nyingine.

Ndani weka kikaratasi: ilianguka au iliingia maji, ilisimama lini, nani alishaifungua na alitoa nini. Mpe kondakta mkononi, mwambie asiweke juu ya injini, na nitumie namba ya gari kabla halijapita Mafinga.